Ukali wa Maalim Mhina

Sindeni, Handeni
9 Mfungo Saba 1328 (Aprili 1910)

Kwa dada yangu Hamisa, mke wa Rehani, aliye Korogwe karibu na stesheni.

Shikamoo dada. Mfikishie shemeji salamu zangu, na watoto wako uwaambie mjomba wao anawakumbuka hata kama hawamkumbuki. Sisi huku tunaamka salama. Masika yameingia kwa fujo, njia ya kwenda bomani Handeni imekatika mahali pawili, kwa hiyo barua hii itachelewa mikononi mwa Mdoe. Atakuja nayo siku atakapoleta tumbaku yake kwenye gari la moshi. Mahindi yamefika magotini. Mwaija mke wangu hajambo, na bado anasoma kila karatasi inayoingia nyumba hii, hata zile za kufungia chumvi.

Chuo changu cha Kurani kina watoto kumi na tisa sasa. Ile kanzu uliyonishoneshea kwa ajili ya Idi imekuwa pana. Mwaija anasema fundi wako ana mkono mkarimu. Siku hizi nainuka na kutoka nje mara tatu nne kabla ya adhuhuri, na watoto wakiniona nainuka wanakonyezana. Nimewaacha wacheke, maana hata mimi nilimcheka baba alipokuwa akitufundisha.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichonge kalamu. Nimeanza barua hii mara tatu na mara mbili nimeichana. Dada, kwa miezi mitatu naona damu chooni. Nimekwisha andika, basi. Si kila siku. Kuna wiki hapana kitu, nami nasema limepita, kisha asubuhi moja naikuta tena. Nawahi kumwaga maji kabla mtu hajaingia. Mwanzoni nilidhani ni jambo dogo litakalokoma lenyewe, lakini halikomi, na siku nyingine ni nyingi.

Mtu wa hapa siwezi kumwambia, kwa sababu watoto wao wote nawafundisha mimi. Baba na mama hawapo, mkubwa wangu ni wewe. Niambie sababu yake ni nini na dawa yake ni nini. Ila ukijibu usilitaje kwa jina lake, nakuomba. Unamjua Mwaija. Barua nikiificha ndipo anapoitafuta kwa bidii.

Mdogo wako,
Mhina


Korogwe
2 Mfungo Nane 1328 (Mei 1910)

Kwa mdogo wangu Maalim Mhina.

Marahaba, na Mungu akuweke. Mdoe kafika akiwa kalowa mpaka kofia, tumbaku yake imeota ukungu, lakini barua yako aliifunga katika ngozi ya mbuzi na haikuingia hata tone. Sisi wazima. Rehani bado anapakia magunia stesheni na mgongo unamlalamikia. Jirani yangu ni yule yule Serafina, Mshambaa Mkristo, anayefua mashuka ya wagonjwa kwa Bwana Mganga wa Kidachi. Tunagombana kwa ajili ya kuku na kupatana kwa ajili ya chumvi. Mimi sina neno, ni uchovu tu. Rehani anasema nimepauka, nami nimemwambia hakunioa kwa rangi.

Barua yako niliisoma nikaketi chini. Kisha nikaisoma mara ya pili, ndipo nikalielewa neno lako. Nimeshtuka sana, Mhina. Mtu wa elimu kama wewe, mwenye watu wanaomtazama, ufikwe na jambo hili.

Sitalitaja, kama ulivyotaka. Sababu yake unaijua, sema hutaki kuisikia. Ni ukali. Ukali umezidi. Wewe tangu utoto ndivyo ulivyo, na baba naye ndivyo alivyokuwa, basi umefuata mkondo. Acha ukali, damu itakoma. Usiseme utapunguza kidogo kidogo, acha mara moja. Mwaija atakusaidia, nina hakika yeye anaona siku zote ila anaogopa kukuambia. Dawa ya jambo lako ni upole, kila siku upole, na subira.

Wala usimwambie mtu mwingine. Yaishie kwangu na kwako.

Dada yako,
Hamisa


Sindeni
21 Mfungo Tisa 1328 (Juni 1910)

Dada yangu Hamisa, shikamoo.

Natumaini shemeji amepata mtu wa kumkanda mgongo. Huku tumevuna, si haba, ingawa nguruwe wametutangulia upande wa bondeni. Mwaija anakusalimu. Anakuuliza kama zile khanga nyekundu bado zinauzwa kwa Mhindi wa stesheni. Mimi natembea, namshukuru Mungu. Kilima cha kwenda msikitini kimekuwa kirefu mwaka huu, nakipanda kwa kupumzika mara mbili. Nadhani ni jua.

Maneno yako niliyasoma kwa makini, na aibu ilinishika kwa sababu ulisema kweli. Ukali niliuzoea mno. Nimeuacha siku ile ile. Ilikuwa kazi, dada, mkono ulizoea kwenda wenyewe, hasa asubuhi. Mwaija alipoona nimeazimia alikichukua kile kitu akakitupa nyuma ya nyumba, na tangu hapo nimeshika upole kama ulivyoniagiza.

Nawe sikia habari njema. Mwezi mzima sasa sijaona hata tone. Nilitaka kukuandikia baada ya wiki mbili, nikajizuia nisiseme mapema. Wewe ungekuwa mwanamume ungekuwa mganga mkubwa.

Mhina


Korogwe
25 Rajabu 1328 (Agosti 1910)

Mdogo wangu,

Furaha niliyoipata siwezi kuipima. Niliisoma barua yako nikicheka peke yangu jikoni, hata Serafina akachungulia kuona nina nini. Khanga zipo, nimemnunulia wifi yangu pea moja, atakuja nazo Mdoe. Mimi nimeacha kula maharage, tumbo hujaa upepo, lakini hayo ni mambo ya uzee.

Nimefurahi, na bado nakuonya. Jambo hili hurudi. Mtu akidhani ameshinda ndipo linapomrudia. Likirudi, usiniandikie kwa kulia kama mtoto. Jizuie. Ukiona linakuja, kaza moyo ujizuie mpaka lipite. Wewe ni mwanamume.

Hamisa


Sindeni
11 Mfungo Mosi 1328 (Oktoba 1910)

Dada, shikamoo. Idi njema iliyopita. Samahani kwa kukaa kimya, Mdoe alishikwa akapelekwa kulima barabara ya Wadachi siku thelathini, na mtu mwingine sikumwamini.

Mwaija hajambo. Khanga zimemkaa. Sikuswalisha Idi mwaka huu, nilimwachia mwingine, miguu haikutaka kunibeba. Watu walinitazama sana lakini wana adabu, hawakuuliza.

Imerudi. Najizuia kama ulivyosema. Nimejizuia siku tatu, mara moja hata siku nne. Ramadhani ilinisaidia kidogo kwa hilo. Lakini siku ninayoshindwa kujizuia inakuwa nyingi kuliko zamani, na nyingine imeganda. Tena limezuka jambo jipya. Nikidhani nimemaliza, haupiti muda nataka tena, na nikirudi hapana kitu ila damu. Haiishi, dada. Nakuambia kweli, sasa naogopa.

Niambie nijizuie mpaka lini.

Mhina


Korogwe
19 Mfungo Pili 1328 (Novemba 1910)

Mhina,

Leo sina salamu ndefu. Sisi wazima, na nyinyi Mungu awalinde.

Nitalitaja jambo lako kwa jina lake, na Mwaija akisoma na asome. Barua yako ya Mfungo Mosi ilinifanya nisile siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa siku ya gulio, nikamkuta Mashavu wa kwenu Sindeni anauza kunde, yule ambaye mwanawe yuko chuoni kwako. Nikamvuta pembeni. Nikamwuliza, mwanao mgongo wake ukoje? Akanitazama. Nikamwuliza tena, maalim anawapiga watoto mpaka damu, mbona hamsemi? Mashavu alicheka, Mhina. Alicheka hata akashika kapu lake lisimwagike. Akasema, "Maalim Mhina? Huyo fimbo yake ni ya kuonyeshea mistari. Watoto wanampenda mpaka tunaona wivu." Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Na sasa hata angetaka, hana nguvu ya kuinyanyua. Dada yake hujui? Amekwisha yule. Ijumaa iliyopita watoto walimshika mkono wakamrudisha nyumbani."

Sikumbuki nilirudije nyumbani. Nikaitoa barua yako ya kwanza sandukuni. Mdogo wangu, neno lako nililisoma chuoni. Unajua herufi za Kiarabu alizotufundisha baba, alama moja inabeba sauti zote mbili, chooni na chuoni vinaandikwa sawasawa. Nilisoma kwamba unaona damu chuoni. Nikadhani unawachapa watoto wa watu. Ukali niliokuambia uache ni ukali wa fimbo. Niliposema jizuie, nilitaka uuzuie mkono wako. Sijui wewe ulielewa nini na sijui ulifanya nini, na hilo ndilo linaloniua.

Nimezungumza na Serafina, bila kulitaja jina lako. Ameona wagonjwa wengi, na mambo anayoyasikia pale anayashika. Anasema alikuja mtu mmoja wa shamba la mkonge la huko Mnyuzi, miaka miwili alikuwa akijitibu bawasiri kwa majani. Bwana Mganga alimwambia kwamba damu chooni inaweza kuwa ya mambo mengi, bawasiri, kuhara damu, minyoo, na mengi kati ya hayo yanapona upesi. Lakini ikikaa wiki baada ya wiki mtu asikisie, aje atazamwe. Alimwuliza maswali, nami nakuuliza wewe hayo hayo kama Serafina alivyonipa. Damu iko juu tu au imechanganyika? Choo chako kimebadilika, yaani mara kufunga mara kuharisha, kinyume cha desturi yako? Kimekuwa chembamba, kama kinapita mahali pa dhiki? Unapomaliza unahisi hujamaliza? Hilo la mwisho ulikwisha niandikia mwenyewe, nami nikalisoma kama mwenda wazimu. Umekonda bila sababu? Unachoka, unapauka, unahema? Kuna maumivu ya tumbo yasiyoondoka? Kuna uvimbe ukipapasa?

Swali lingine aliloulizwa yule mtu ni kama katika jamaa zake yupo aliyepata ugonjwa huo. Hapo itabidi nikuambie nililolificha miaka ishirini. Ulikuwa Pangani unasoma baba alipokufa, nasi tukakuambia ni homa. Haikuwa homa. Mimi ndiye niliyekuwa nikifua nguo zake mtoni, mbali na watu, alfajiri. Ilikuwa damu mwaka mzima, mpaka tumbo likafunga kabisa. Aliniapisha nisikuambie wewe, maana ulikuwa mwanafunzi wake na aliona aibu.

Njoo. Usinijibu kwa maneno ya elimu kwamba mwanamume hajifunui mbele ya Mdachi. Nimekwisha yasikia hayo kwa baba. Njoo kabla ya mvua za vuli kuzidi.

Hamisa


Sindeni
6 Mfungo Tatu 1328 (Desemba 1910)

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma. Watoto gani, dada? Miaka kumi na minane nafundisha, sijamchapa mtoto hata mmoja. Nilidhani wewe ndiye mtu mmoja duniani anayejua hilo.

Umeuliza nilielewa nini. Nilielewa pilipili. Uliposema ukali umezidi na baba naye ndivyo alivyokuwa, nilikumbuka jinsi baba alivyotafuna pilipili mbichi na muhogo, nami nimeshika desturi yake. Nikaacha pilipili, ndimu, hata kahawa isiyo na sukari. Chungu cha achari ndicho Mwaija alichokitupa. Upole nikaufanya uji. Damu ikakoma mwezi mzima, nikasema dada yangu ana baraka. Serafina akueleze kwa nini ilikoma, maana mimi sijui. Labda ndivyo inavyofanya ili mtu asahau.

Na uliposema jizuie, nilijizuia kwenda choo. Nilikaza siku tatu, siku nne, jasho likinitoka, nikifundisha alifu na be huku nimeuma meno. Nilikula kidogo ili pasiwe na kitu cha kutoka. Nilifanya hivyo miezi mitatu kwa sababu ni wewe uliyesema.

Majibu ya maswali yako ni ndiyo. Imechanganyika. Desturi yangu imevurugika tangu mwaka jana, nilikuandikia kwamba watoto wanacheka nikiinuka. Kimekuwa chembamba kama kalamu hii, nami nilidhani ni kwa sababu ya uji. Kanzu haikuwa kosa la fundi, dada. Kilima hakikurefuka. Uvimbe sikuwahi kuutafuta, lakini jana niliutafuta, na upande wa kushoto chini kuna kitu kigumu ambacho upande wa kulia hakipo.

Kuhusu baba sitasema neno kwanza. Nikilisema nitalisema vibaya.

Nilitaka kukujibu kwamba nitafikiri, lakini barua yako Mwaija aliisoma kabla yangu. Mdoe alimpa mkononi, nami nilikuwa nimelala. Nilipoamka aliniwekea barua juu ya mkeka, imekunjuliwa. Aliingia ndani akafunga kanzu zangu mbili kwenye khanga, kisha akaenda kwa Mdoe kumwomba punda. Jioni aliporudi alisema neno moja tu: "Mwaka mzima umelala ubavuni mwangu, Mhina."

Tutatoka Jumatatu. Punda ni mzee nami nimekuwa mzee zaidi yake, kwa hiyo utuhesabie siku nne.

Mhina


Tanga, hospitalini
8 Mfungo Tano 1329 (Februari 1911)

Dada,

Shikamoo. Nguvu ya mkono imerudi kidogo, naandika nimelala ubavu. Mwaija yuko hapa, anapikia jikoni pamoja na wake wa wagonjwa wengine, na amekwisha wafundisha wawili kati yao herufi.

Nyumbani kwako tulikaa siku nne kabla sijapandishwa gari la moshi. Tulikula pamoja, tukazungumza habari za kunde na kuku, na wewe hukunitazama usoni hata mara moja. Mimi pia sikukutazama. Nilidhani tutaandikiana, kama kawaida yetu.

Bwana Mganga wa huko Korogwe alinitazama kwa kidole. Nakuandikia hivyo hivyo ilivyo, aibu nimeiacha njiani. Haikuchukua muda mrefu kuliko kunyolewa kidevu. Hicho ndicho nilichokikimbia mwaka mzima. Alipotoa kidole alinawa, akaandika karatasi ya kuja nayo huku. Wa huku wamenipasua. Uvimbe umeziba karibu njia nzima na umeshikamana na mahali ambapo kisu hakifiki. Hawakuutoa. Wamenifungulia njia nyingine ubavuni, ya kutolea choo, na Mwaija ananibadilishia vitambaa. Kuswali naswali nimeketi. Hukumu ya mtu asiyeweza kuzuia kinachomtoka naijua, nimeifundisha miaka mingi, na watoto walikuwa wakiiona ndefu kupita kiasi.

Nilimwuliza Bwana Mganga wa huku kama nitaifunga Ramadhani ijayo. Mkalimani alikataa kulitafsiri swali langu. Nikamwambia haya, basi. Kisha Bwana Mganga naye akawa na swali, na hilo mkalimani alilitafsiri. Aliuliza nani mwingine nimezaliwa naye tumbo moja, na kama yuko mzima. Nilitaka kusema ninaye dada mmoja, mzima. Nikakumbuka asubuhi moja kule kwako, nilikuwa nimejilaza barazani, nawe ulikuwa unatoka uani umeshika ukuta. Ulisimama pale muda mrefu. Uso ulikuwa mweupe kama chokaa.

Nakuuliza kama ulivyoniuliza. Wewe je? Andika ndiyo au siyo. Neno lako liwe moja, lisilosomeka kwa namna mbili.

Mhina


Korogwe
15 Mfungo Tano 1329 (Februari 1911)

Mhina,

Ndiyo.

Ilianza kabla ya barua yako ya kwanza, miezi mitano kabla. Nilipoiona nilijua ni nini, kwa sababu nilikwisha ifua kwenye nguo za baba. Sikumwambia Rehani wala Serafina ambaye tunatenganishwa na uzio wa mabua. Niliacha maharage.

Sasa nitakuambia lililobaki, na baada ya kulisoma unaweza kunifanyia utakalo. Barua yako ile, mara ya kwanza nilisoma chooni. Nilisoma vizuri. Ndiyo sababu niliketi chini. Nikafikiri, kama Mhina naye anayo, basi hii ni ile ya baba, na kama ni ya baba kwake ni ya baba kwangu, nami nitakufa kama alivyokufa. Nilikaa na karatasi ile mpaka uji ukaungua. Kisha nikaisoma mara ya pili, nikitafuta neno jingine, nikalipata. Nilijua hujamchapa mtu maishani mwako. Nikasema, watu hubadilika. Nikachukua kalamu nikakugombeza, na nilipokuwa nikikugombeza nilipata nafuu, Mungu anisamehe, nililala usingizi usiku ule.

Ulipoandika kwamba imekoma nilifurahi kwa ajili yangu. Nikasema ikiwa yake imekoma, basi na yangu itakoma. Na Mashavu pale sokoni, sikumwuliza ili nijue. Nilikuwa namwomba aniambie kwamba kweli unawapiga. Nilikuwa radhi uwe mnyama, kuliko uwe mgonjwa.

Sikukutazama usoni kwa sababu hiyo.

Nimekwenda kwa Bwana Mganga jana, Serafina akinishika mkono. Alinitazama kama alivyokutazama wewe. Anasema uvimbe wangu bado ni mdogo, chini ya kidole unasogea, haujashika kitu, wa namna hiyo hukatwa na mtu akaishi. Mbona yangu ilianza kabla ya yako, nilimwuliza, naye akasema hajui, mingine huenda polepole. Kama ungekwenda mwaka jana mwezi ule uliponiandikia, labda na wako ungesogea. Hakusema hivyo yeye. Nasema mimi. Serafina alinikumbatia kwa furaha pale pale, nami nikaitoa mikono yake mabegani.

Rehani nimemwambia, na watoto nitawaambia leo, wote, wa kiume na wa kike, kwa jina lake hasa, ili wasije wakaapishana kama sisi.

Nitashuka Tanga kwa gari la moshi la Alhamisi. Wanawake wanalazwa jengo la nyuma, ng'ambo ya jiko analopikia Mwaija. Kama utakubali kuniona kabla hawajanipasua, mtume Mwaija aje aniite. Asipokuja, sitauliza kwa nini.

Hamisa